Uzito wa Kujazia

"Mutinta, una kilo ngapi?"
Ndivyo alivyoniamkia Joris, rubani,
saa kumi na nusu alfajiri, taa ya kichwani ikinipofua,
mikono yangu imejaa mayai.

Mgeni mmoja tumbo limemwendesha usiku kucha.
Kapu lina pengo upande wa kushoto,
na puto, asema, halipendi kuegemea.
Nikamwambia sabini na mbili.
Kaka yangu Moono alicheka hadi akakohoa.

Miaka sita nimelitandaza turubai lile kwenye umande,
nimelishika mdomo likimeza upepo wa feni
mpaka linenepe, linyanyuke, lijisahau,
kisha nikaachia kamba.
Kazi yangu ndiyo hiyo, kuachia.
Halafu mbio garini, na birika, na vikombe,
kulifukuzia puto katika tambarare ya Busanga
tuwakute wageni wameshuka, wana njaa ya mbinguni.

Leo kamba kaachia mwingine.

Hakuna aliyeniambia kwamba juu hakuna upepo.
Unakwenda nao, basi huusikii.
Kichomeo kinanguruma, kinanyamaza,
na katika ule unyamavu
swala sheshe anapiga mluzi chini ya ukungu,
kiboko anarudi majini akiguna,
na Moono, peupe kabisa, anaitukana gia ya pili.

Kumbe sauti hupanda!
Miaka sita, kila nilichowasema wageni
kimekuwa kikiwafuata huko huko juu.
Bahati yangu hawajui Kiila.

Ukungu umelala juu ya mafunjo
kama maziwa ya mgando ya kwetu Itezhi-Tezhi,
mazito, yamepasuka hapa na pale,
na kwenye mipasuko lechwe wanakimbia majini,
wekundu, mia, labda mia mbili,
kila mmoja akiburuta uzi wa mwanga.
Simba jike juu ya kichuguu hakututazama.
Kivuli chetu kilimpitia mgongoni
akatikisa sikio, kama kwa nzi.

Nikaziona njia zetu.
Alama za magurudumu, mwaka juu ya mwaka:
pale tulipozama siku mbili kando ya Lufupa,
pale tulipolipoteza puto tukazunguka kisiwa cha mikuyu
kama kuku aliyefungwa mguu.

Solveig, mgeni wa Bergen, akaniuliza
najisikiaje kuiona nchi yangu hivi.
Nikasema, nzuri.

Sikumwambia kwamba baba aliivuka
kwa miguu, usiku, paja la sheshe begani,
tulikuwa watoto watano na mvua ilikuwa imetunyima.
Walimkamata akiwa amekaribia kutoka.
Miezi kumi na minne, gereza la Mumbwa.
Akarudi hali nyama.

Niliitafuta njia yake.
Kutoka ule mstari wa miti mpaka ule mto:
nilinyoosha mkono, nikafumba jicho moja,
vidole vitatu.
Nikaushusha mkono haraka
Solveig asidhani nampungia mtu.

Joris akavuta kamba. Nyasi zikapanda kutulaki,
kapu likagonga, likaruka, likagonga, likalala ubavu,
sote chali, magoti angani kama mende,
wao wakipiga makofi.
Wakapewa vyeti, jina kwa jina.
Nilikuwa nimeshatoka kutafuta chumvi.

Moono alifika amechelewa, tope hadi kwenye nyusi.
"Umeona nini?"
"Bonde la upara wako."
Mayai yalikuwa palepale nilipoyaacha, kambini.
Tulikuwa na mkate, nyanya, maharage ya kopo.

Nikajifunga kitenge. Nywele zangu zilinuka gesi.
Nikapiga kiberiti, jiko dogo likavuma,
na miguu yangu, mipumbavu hii,
ikasimama ikingoja.